Nimealikwa Chuo Kikuu Kufundisha Kazi Inayodumu: Nianzie Wapi?

SWALI: Mimi ni mtengeneza filamu wa kujitegemea. Kwa miaka 14 nimetengeneza filamu nne ndefu bila studio yoyote nyuma yangu. Sasa chuo kikuu kimoja kimenialika kwa majuma mawili nizungumze na wanafunzi wapatao 20 kuhusu kazi ya ubunifu inayodumu. Nimepewa vipindi vinne vya saa tatu tatu. Sijawahi kufundisha. Kinachoninyima usingizi ni kwamba mimi mwenyewe sijui kama filamu zangu zitadumu. Ile ya kwanza ipo kwenye diski moja kabatini, na sijaifungua tangu nilipoimaliza. Nitawafundishaje watu jambo nisilolijua?

JIBU: Dada yangu, niliwahi kualikwa kama ulivyoalikwa wewe, na mara ya kwanza nilikosea. Nilizungumza saa mbili mfululizo kuhusu maisha yangu: nilivyoanza, nilivyokopa, nani alinikataa na tamasha gani lilinipokea. Wanafunzi walipiga makofi. Nilipokuwa natoka, binti mmoja alinifuata mlangoni akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, nimekusikia. Sasa kesho asubuhi nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia avumilie, neno ambalo kila mtu huwaambia vijana pasipo kuwaonyesha wavumilie huku wakifanya nini. Tangu siku hiyo kila kipindi ninachokiandaa nakipima kwa swali la yule binti, na ningependa nawe uende nalo.

Kuhusu kutojua kama filamu zako zitadumu, hakuna ajuaye, na waambie hivyo katika dakika tano za kwanza. Kudumu kutaamuliwa na watazamaji ambao bado hawajazaliwa. Kilicho mikononi mwa mtengenezaji ni kitu kidogo zaidi, na kinafundishika: kurudi. Kwanza yeye mwenyewe airudie kazi pale ambapo wengi wangeiacha. Kisha aiache katika hali ambayo wengine wataweza kuirudia baada yake. La kwanza linataka moyo na macho, la pili linataka karatasi na diski. Katika vyuo nilivyopita, la kwanza lilifundishwa nusunusu na la pili halikufundishwa kabisa. Wewe una saa 12. Zigawe nusu kwa nusu, wala usione haya kutumia muda mwingi hivyo kuzungumzia karatasi.

Kwa ile nusu ya kwanza nina mfano mmoja ambao sijauchoka. Mwaka 1952 Satyajit Ray, aliyekuja kuwa mwongozaji filamu mashuhuri wa India, alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo mjini Calcutta. Hakuwa ameongoza filamu yoyote. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hakuwahi kuendesha kamera ya sinema. Walipiga filamu siku za mapumziko, kwa sababu siku nyingine Ray alikuwa kazini. Siku ya kwanza walikwenda kwenye uwanda wa nyasi ndefu zilizochanua maua meupe, wakapiga sehemu ya tukio ambamo kaka na dada wanavuka maua hayo kwenda kuona treni. Juma lililofuata walirudi kumalizia, wakakuta ng'ombe wameyala maua yote.

Hapo simamisha hadithi, uwaulize wanafunzi wao wangefanya nini. Nimeuliza swali hili mara nyingi na majibu hayabadiliki sana: tungetafuta uwanda mwingine, tungebadilisha tukio, tungesogeza kamera karibu ili maua yasihitajike. Ni majibu ya watu werevu. Ray alingoja msimu mwingine, maua yakachanua tena. Katikati fedha zilimwishia. Aliweka rehani bima yake ya maisha, akauza rekodi zake za muziki, vito vya mke wake navyo vikaenda rehani, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal ilipotoa fedha za kumalizia. Filamu hiyo, Pather Panchali, ilionyeshwa mwaka 1955. Baadaye Ray alisimulia kwamba mambo matatu yalimwokoa katika miaka ile: sauti ya mtoto wa kiume haikubadilika, msichana hakukua, na Chunibala Devi, bibi wa karibu miaka 80 aliyecheza kama shangazi mzee, hakufariki kabla kazi haijaisha.

Nakuomba usiigeuze hadithi hii kuwa mahubiri ya subira. Wanafunzi wameshasikia mahubiri mengi. Wavute kwenye kazi yenyewe. Waulize uwanda ule ulikuwa na nini ambacho mwingine haukuwa nacho, na kwa watu waliokuwa wakijifunza kazi huku wakiifanya, ule muda wa kusimama ulikuwa na faida gani. Mtu anayejua jibu la swali la kwanza ndiye anayeweza kungoja. Asiyelijua atahama, na atakuwa sahihi kuhama, kwa maana kwake uwanda wowote ni uwanda tu.

Ndiyo maana kabla ya kuwasimulia ningetaka uwe umewapa zoezi, na zoezi hili ndilo ningelitegemea kuliko maneno yako yote. Mwandikie mkufunzi wao juma moja kabla hujafika. Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja anayefanya kazi kwa mikono, aombe ruhusa, ampige filamu dakika moja: shoti moja, kamera imetulia, hakuna muziki, hakuna kukata. Katika kipindi cha kwanza mtazame zote 20. Itachukua chini ya nusu saa. Piga marufuku maneno "nzuri" na "mbaya". Waseme walichoona tu: mwanga unatoka upande gani, mkono upi unaongoza, kitu gani kimekatwa na ukingo wa picha, sauti gani inasikika na haionekani inakotoka. Mwanzoni watakaa kimya. Acha wakae. Kimya cha darasa humtisha mwalimu mgeni, nami kilinitisha, lakini ukikijaza kwa maneno yako hawatajifunza kutazama.

Halafu uwaambie warudi kwa mtu yuleyule, mahali palepale, wapige tena dakika moja. Watalalamika kwamba wameshapiga. Watakapoleta ya pili utaona kwamba nyingi ni mbaya kuliko ya kwanza, na hilo lisikuvunje moyo. Mara ya pili mwanafunzi anataka kuonyesha ufundi. Anapanda juu ya meza, anapiga kupitia kioo, anamwambia fundi wa watu ageuke kidogo. Usimkaripie. Mrudishe mara ya tatu.

Mara ya tatu mambo hubadilika. Mtu anayepigwa ameizoea kamera. Mwanafunzi amechoka kujionyesha, tena sasa anaijua kazi ile kiasi cha kukisia mkono utafanya nini baada ya sekunde tano. Nilikuwa na kijana mmoja aliyempiga fundi cherehani. Dakika yake ya kwanza ilikuwa mashine ikikimbia. Ya pili ilikuwa uso wa fundi kwa karibu sana, hata kazi haikuonekana. Katika ya tatu fundi anasimamisha mashine, anafumba macho, anaupitisha mshono chini ya kidole gumba polepole, kisha anaendelea. Darasa zima lilivuta pumzi. Kijana yule hakuwa ameongezewa kamera wala taa. Alichokuwa amekipata ni kujua lini.

Zungumza nao papo hapo. Waulize ni nani kati yao angeiona sekunde ile mara ya kwanza. Wengine watasema ilikuwepo ila wao hawakuwa tayari, na ukisikia hivyo ujue majuma yako mawili yamelipa. Sasa ndipo uwasimulie ya Ray na ng'ombe. Ukiianza hadithi hiyo kabla ya zoezi wataipenda na kuisahau.

Beba pia kitu ambacho wageni wengi hawabebi: toleo lako lililoshindwa. Najua kuna hariri ya kwanza ya mojawapo ya filamu zako ambayo hungependa mtu aione. Chukua tukio moja la dakika tano kama lilivyokuwa katika hariri ile, kisha uwaonyeshe tukio hilohilo kama lilivyotoka. Wanafunzi huona kazi za watu zikiwa zimekamilika tu, wakazilinganisha na rasimu zao wenyewe, wakahitimisha kwamba hawana kipaji. Nimeona vijana hodari wakiacha kwa sababu hiyo moja. Wakisema wanalipenda zaidi toleo lile la kwanza, usijitetee. Waambie wakuonyeshe kwa nini. Inawezekana wana haki.

Sasa nusu ya pili. Tuna msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika filamu msemo huu umewaangusha wengi. Charles Burnett alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, alipotengeneza Killer of Sheep. Aliipiga mwishoni mwa majuma kwa bajeti iliyokuwa chini ya dola 10,000, na mwaka 1977 akaiwasilisha kama kazi yake ya shahada ya uzamili. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za taifa zinazostahili kuhifadhiwa. Hata hivyo haikuweza kuonyeshwa kibiashara katika majumba ya sinema mpaka mwaka 2007, miaka 30 tangu ikamilike. Kizuizi kikubwa kilikuwa nyimbo alizozitumia. Haki zake hazikuwa zimenunuliwa, na zilipokuja kununuliwa ziligharimu dola 150,000, zaidi ya mara 15 ya gharama ya kuitengeneza filamu yenyewe.

Simlaumu Burnett hata kidogo. Alikuwa mwanafunzi anayetengeneza filamu ya darasani, na nyimbo zile ni sehemu ya roho ya filamu ile. Ninawaonyesha vijana kwamba "nitaomba ruhusa baadaye" ni deni lenye riba. Kila mwanafunzi aliye mbele yako ana wimbo ameuchukua kwenye intaneti akauweka chini ya picha zake, anajiambia ni kazi ya shule tu. Killer of Sheep nayo ilikuwa kazi ya shule.

Wafafanulie kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na ruhusa ya mmoja haikupi ruhusa ya mwingine. Kwamba mtunzi akifariki haki hazifi naye: kwa mkataba wa Berne, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, hulindwa miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza. Kwamba ruhusa ya "matamasha pekee" ni mtego, kwa sababu siku filamu inapopendwa ndiyo siku ruhusa inapokwisha. Waombe ruhusa ya nchi zote, njia zote za kuonyesha, na muda wote, na wakinyimwa wamtafute rafiki anayepiga ala, waandikiane. Kwa umri wao ndio wakati wa kumjua rafiki huyo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumia saa nzima ya kipindi cha tatu kutengeneza daftari hilo, kwa kalamu, darasani. Kila mmoja achukue filamu aliyokwisha kuitengeneza aorodheshe kila anayeonekana, kila anayesikika, kila kitu kilichoazimwa, na mbele ya kila jina aandike kama kuna karatasi iliyosainiwa au hakuna. Nyuso zitabadilika. Kisha waliotengeneza filamu pamoja wakae pamoja waandike nani anamiliki nini. Marafiki watatu wenye miaka 22 hawaamini kwamba watakuja kugombana. Mimi nimeitwa mara mbili kupatanisha watu waliokuwa marafiki hivyo, na mara zote mbili filamu ilibaki kabatini kwa sababu kila mmoja angeweza kuwazuia wenzake. Wakumbushe pia kusoma kanuni za chuo chao kuhusu kazi zilizotengenezwa kwa vifaa vya chuo. Baadhi ya vyuo hudai sehemu ya umiliki, na ni heri mtu ajue kabla hajahitimu.

Hapa mtaje Agnès Varda, mtengeneza filamu wa Ufaransa. Alitoka kwenye upigaji picha, hakuwa amesomea sinema, na kwa filamu yake ya kwanza mwaka 1954 alianzisha kampuni yake mwenyewe, ambayo ndiyo iliyokuja kuitwa Ciné-Tamaris. Kwa hiyo alikuwa na mamlaka juu ya kazi zake, na uzeeni aliweza kuzikarabati na kuzitoa upya bila kumpigia mtu magoti. Tena mwaka 2000, akiwa na miaka 72, alishika kamera ndogo ya kidijitali akaanza kutengeneza filamu kama mtu aliyezaliwa upya. Wasichana katika darasa lako watamkumbuka huyu kuliko mimi na wewe.

Kisha nakala. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti wa filamu ndefu za kimya zilizotengenezwa nchini humo kati ya mwaka 1912 na 1929. Zilikuwa karibu 11,000. Zilizosalia katika hali yake ya awali, kamili, ni asilimia 14. Nyingine ziliungua, kwa kuwa naitreti, utepe wa filamu wa zama hizo, unawaka vibaya sana, nyingine zilioza, na nyingine zilitupwa kwa sababu sauti ilipoingia wenye nazo waliona hazina faida tena. Hiyo ilikuwa tasnia yenye fedha na maghala. Mwanafunzi mwenye diski moja mkobani anapaswa kuisikia hesabu hiyo.

Kanuni ya kawaida ya watunza kumbukumbu inatosha: nakala tatu, za aina mbili tofauti, moja ikiwa mbali na mnapoishi. Lakini wanafunzi hudhani kuhifadhi ni kuhifadhi filamu iliyokamilika, na hapo ndipo nilipoumia. Filamu yangu ya pili ilitakiwa na kituo cha televisheni cha nchi nyingine, waiingizie sauti kwa lugha yao. Waliniomba mazungumzo, muziki na sauti za mazingira, kila kimoja peke yake. Nilikuwa nimehifadhi mchanganyiko tu. Faili za programu ya kuhariria hazikufunguka tena, maana programu yenyewe ilikuwa imebadilika mara kadhaa. Filamu haikwenda. Wala haikuwa lazima yawe hivyo: ningetumia nusu siku tu, wiki ile niliyomaliza, kutoa sauti hizo mbalimbali, na nakala safi ya picha isiyo na maandishi wala manukuu, na maneno yote ya wahusika yakiwa yamechapwa kwa herufi za kawaida. Nusu siku. Bado inaniuma ninapoiandika.

Hadithi ya Ray ina mwisho unaofaa hapa. Mwaka 1993 moto uliiunguza maabara ya London ambamo negativu za filamu zake, yaani tepe za awali zinazotolewa nakala, zilikuwa. Zilizosalia zilikuwa zimekakamaa na kuungua kingo, na mtu mwingine angezitupa. Zilipelekwa Marekani kwenye hifadhi ya Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, zikakaa miaka 20. Mafundi wa Bologna, Italia, wakaja kuzilainisha, kuziunga na kuzitengeneza kwa mikono fremu kwa fremu, na palipokuwa pameungua kabisa wakajazia kutoka nakala zilizokuwa zimetunzwa kwingine. Mwaka 2015 Pather Panchali ilirudi kwenye majumba ya sinema. Watoto wale wangali wanavuka maua meupe, kwa sababu mwongozaji aliwarudia na kwa sababu kulikuwa na nakala mahali pengine.

Watakuuliza pia wataishije. Jibu kwa kifupi na kwa ukweli. Ray alikuwa na ajira, Burnett alipiga mwishoni mwa juma. Ousmane Sembène, mtengeneza filamu wa Senegal, alizaliwa mwaka 1923, akapakua mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya, na filamu yake fupi Borom Sarret ilipotoka mwaka 1963 alikuwa na miaka 40. Ya mwisho aliitoa mwaka 2004. Kwa kijana anayeona amechelewa akiwa na miaka 23, hesabu hiyo peke yake inatosha, huna haja ya kuongeza neno.

Kipindi cha nne onyesha filamu yako, tena isiwe mpya. Onyesha ile ya kwanza iliyo kabatini, na usiitazame peke yako kabla. Kaa katikati yao, muione pamoja, kisha wewe ndiye uanze kusema ulichoona, kwa masharti yaleyale uliyowapa: hakuna "nzuri", hakuna "mbaya". Watamwona mtu mzima akiirudia kazi yake mbele ya macho yao.

Ila diski iliyolala miaka yote hiyo inaweza isiwake. Basi leo, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa maandalizi, itoe kabatini uiunganishe. Ikiwaka, usiifungue filamu. Nakili kwanza.